Ubao wa Shubiri Sita

Mtaa mzima ulimwita Shubiri, na jina hilo alilistahili. Tangu aanze useremala hakuwahi kumiliki futi ya kupimia. Alitandaza kiganja juu ya ubao, gumba huku, kidole kidogo kule, akautembeza mkono kama kiwavi, kisha akakata. Vitanda, makabati, milango ya watu, vyote vilikaa pale vilipotakiwa kukaa. Ukimwuliza kwa nini hanunui futi, alikujibu, "Futi husahaulika nyumbani. Mkono je, umewahi kuusahau?"

Kigari alikianza zamani, kitindamimba wao akiwa bado anavaa sare za shule. Kilikuwa kigari cha kukokotwa nyuma ya gari, chenye umbo la tone la maji: kinene mbele, kikipungua kuelekea nyuma. Ndani mlienea kitanda cha watu wawili na nafasi ya kugombana kidogo. Nyuma, ukiinua mfuniko, palikuwa na jiko. Alimwahidi mkewe kwamba watoto wakishakua watakwenda nacho popote, walale pale usingizi utakapowakuta. Kisha kazi za watu zikaingia, magoti yakaanza kulalamika, na kigari kikabaki uani chini ya turubai. Majirani walikiita Yai, na kuku, kana kwamba wamesikia, wakawa wanataga chini yake.

Mwaka huu Shubiri aliacha kupokea kazi za watu, akafunua turubai. Alizivika kuta za ndani mbao nyembamba, akapaka vanishi iliyompigisha mkewe chafya kutwa. Mkewe naye akashona mapazia. Ilibaki rafu ya juu ya miguu, ya kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa ajili ya rafu hiyo Shubiri alikuwa ametunza mbao mbili za kitanda chao cha kwanza, kile alichokitengeneza mwenyewe kabla ya harusi. Kitanda kilishachoka, lakini mbao zile mbili hakutaka ziguswe na mtu.

Upana wa Yai aliukumbuka kama jina lake: shubiri sita kamili. Alipima karakanani, akakata, akaubeba ubao begani huku akipiga mluzi. Alipouingiza, ukapita kati ya kuta bila kugusa upande wa pili. Ulipungua vidole vinne.

"Nani kasogeza ukuta?" akauliza.

Mkewe, aliyeketi kitandani akipinda pazia, alicheka. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

"Basi ubao umesinyaa."

"Umesinyaa kutoka karakanani mpaka hapa? Mzee, hata nguo haisinyai hivyo."

Binti yao, siku hizi mama wa watoto wawili, alichungulia mlangoni akatoa futi mfukoni. "Baba, pima na hii, tumalize ubishi."

Shubiri hakuipokea. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na kidole kidogo kilikuwa kimejikunja kuelekea kwa wenzake. Alijaribu kukinyoosha, kikakataa. Aliona uchungu, tena uchungu wa kudanganywa na rafiki. Mkono ule ulikuwa umelisha nyumba nzima, na siku ulipoanza kupungua haukumwambia.

"Mwiteni fundi mwingine amalizie," akasema. "Mwenye futi." Akaketi kwenye kizingiti cha mlango, akaupa mgongo ubao uliobaki.

Binti alimtazama mama yake, akarudisha futi mfukoni, akaenda kuchemsha chai. Mama akaweka pazia chini, akasogea, akapandisha mkono wa gauni lake.

"Unakumbuka ulipokuja kwetu kurekebisha kabati la mama?"

"Nakumbuka."

"Ulisema unapima kabati, ukanipima mimi. Kiwikoni mpaka hapa kwenye kifundo cha mkono. Ukasema, 'Shubiri yangu moja kamili. Huyu kaumbwa kwa kipimo changu.' Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza."

Shubiri alitabasamu bila kutaka. Aliyakumbuka maneno, na kabati, na jinsi mama mkwe alivyokohoa kule jikoni. Akaushika mkono wa mkewe, akaweka gumba kiwikoni, akatandaza kiganja. Kidole kidogo kiliishia njiani, hakikufika kifundoni.

"Ujana ni moshi," akasema kwa sauti ndogo.

"Wako umekwenda. Mkono wangu haujarefuka wala kufupika. Kipimo chako nilikitunza mimi." Akachukua ubao wa pili, akaulaza mkono wake juu yake. "Haya, fundi. Weka alama."

Shubiri akaweka alama penye kifundo. Mkewe akasogeza kiwiko hadi kwenye alama, naye akaweka nyingine. Walikwenda hivyo taratibu, vichwa vyao vikigusana, mpaka shubiri ya sita. Alikata huku macho yake yakiwa na machozi, na hakuyaficha.

Ubao uliingia ukabana, hata nyundo haukuhitaji.

"Na huu mfupi?" Shubiri akauliza, akiugusa ule wa kwanza kwa mguu. "Niutie motoni?"

"Motoni? Huo ni wa mkono wako wa sasa. Utakaa jikoni, kule nyuma. Mikono yote miwili ni yako, na yote tunasafiri nayo."

Jioni binti alileta chai, akawakuta wazazi wake wamelala chali ndani ya Yai, mlango wazi, miguu chini ya rafu mpya, wakibishana waanze kwenda wapi. Mzee alikuwa ameweka gumba kwenye kiwiko cha mkewe na kutandaza kiganja. Kidole kidogo kiliishia pale kilipoishia, naye hakukivuta.