Siku Tauno Alipompita Baba Yake

Katika ukoo wa Nuutinen wanaume walikufa mapema, wanawake wakabaki na ng'ombe. Baba mkwe wangu alianguka akipasua kuni, ana miaka arobaini na saba. Shemeji yangu Vilho moyo ulisimama akafia msituni, mwezi wa tatu mwaka 1972, msumeno bado unanguruma kando yake. Aliyeuzima ni mume wangu, Tauno. Alirudi nyumbani, akapaka mkate siagi nene kama kidole, akawasha sigara, akaniambia, "Aune, inabidi ujifunze kuendesha trekta."

Nilimwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Kiangazi hicho muuguzi Raakel alianza kupita nyumba kwa nyumba, hapa mkoani kwetu Karelia, akipima presha. Ya Tauno aliipima mara mbili.

"Unavuta ngapi kwa siku?"

"Pakiti moja. Msituni mbili, kuna mbu."

"Na siagi?"

"Siagi hatupimi, mama. Tuna ng'ombe kumi na mmoja." Akashusha mkono wa shati. "Usijisumbue. Mioyo ya ukoo wetu ndivyo ilivyoumbwa."

"Dada zako je?"

"Wazima wote watatu."

"Wanavuta?"

Tauno akatazama dirishani.

Kwenye mikutano ya akina mama aliyoiitisha Raakel nilijifunza kupika kwa mafuta ya mimea, samaki zaidi, nyama ya nguruwe kidogo, na mboga. Tauno alichokoachokoa chakula sahanini. "Umeniona sungura?" Maziwa niliyoyaengua mafuta akayaita maji ya kuoshea vyombo. Majirani nao walisema tumewasaliti ng'ombe wetu. Lakini Tauno alikula.

Sigara ndiyo iliyomshinda. Aliacha, akarudia. Akaacha, akarudia. Mara ya tatu nilimkuta nyuma ya zizi, mvua inanyesha, sigara imelowa mkononi, analia. Sikumsema. Nilikwenda kumwita Raakel.

Alikuja akafudikiza ndoo, akaketi karibu naye. "Ulikuwa umekaa siku ngapi bila sigara?"

"Kumi na tisa."

"Basi kijiji kizima hakuna mwanamume mwingine anayejua kukaa siku kumi na tisa. Kesho utakaa ya ishirini. Hii ya leo tuiache hapa kwenye matope."

Tauno akacheka, na kamasi zinamtoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sigara yake ya mwisho.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa alivaa suti yake ya harusi, ikampwaya, akabeba ndoo ya matunda mekundu aliyoyachuma mwenyewe msituni. Hakuniambia tunakwenda wapi. Tukaishia mlangoni kwa Raakel.

"Leo nimempita baba umri, kwa siku moja," alisema.

Nimeishi naye miaka mingi, na si mtu wa kushika watu mikono. Siku hiyo aliushika mkono wa yule mama kwa mikono yake yote miwili, asiuachie. Raakel alisema kuwa kazi yote ni ya Tauno na yangu. Ikabidi kahawa niimimine mimi.

Tulipokuwa tunarudi, Tauno aliomba tupitie makaburini. Alisimama mbele ya kaburi la Vilho, kofia mkononi.

"Laiti Raakel angekuja mwaka mmoja kabla," akasema.

Nikamshika kiwiko. Kilikuwa na joto, na mapigo ya moyo wake nikayasikia kupitia koti, au labda yalikuwa yangu. Tulikaa hapo mpaka ukafika wakati wa kukamua.