Futi Shingoni

Bobini alipofika kwangu alikuwa na miezi minne, meno makali kama sindano na furaha isiyo na breki. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alihamishwa kazi akaniomba nimchukue. Aliniambia ni ritriva, mbwa wa ukoo wa kuokota ndege waliopigwa risasi na kumrudishia mwindaji bila kuwararua. Mimi sikuwa na ndege wala bunduki. Nilikuwa na cherehani, sebule niliyoigeuza karakana, na nyumba iliyokuwa kimya tangu mama alazwe hospitali. Nikamchukua. Nikamwita Bobini, jina la kile kigurudumu cha uzi kinachokaa chini ya sindano, kwa sababu naye kazi yake ilikuwa kuzunguka tu.

Niseme mapema, maana sipendi kuficha mambo: mama alivunjika nyonga kwa uzembe wangu. Nilikuwa nakata satini, kipande kikadondoka sakafuni, nikasema nitakiokota baadaye. Mama ndiye aliyenifundisha kazi hii, na hadi leo huingia karakana kukagua mishono yangu kama mkaguzi wa shule. Siku ile aliingia, akakikanyaga, akateleza. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitafuna zaidi. Kwa wiki tano nilienda hospitali kila siku, nikamlaza vizuri, nikampangia mito, nikaaga haraka kabla hajapata nafasi ya kunitazama machoni.

Siku kaka yangu mkubwa alipokuja kunieleza kwamba mama ataruhusiwa Jumamosi ya wiki inayofuata, alimkuta Bobini. Au tuseme Bobini ndiye aliyemkuta yeye, kwa sababu kabla kaka hajafunga mlango, miguu miwili ya mbele ilikuwa tayari tumboni kwake na kitambulisho chake cha kazi kinatafunwa. Kaka akamsukuma. Bobini akarudi na ari mpya. Kaka ni fundi wa lifti, amezoea vitu vinavyoshuka ukibonyeza kitufe. Alijipangusa manyoya kwa muda mrefu, kisha akaniambia bila hata kupandisha sauti:

"Sikiliza, dada. Mama anarudi na magongo. Atakayemrukia mama anaondoka nyumba hii siku hiyohiyo. Gari ninalo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi kila Bobini alipokunja miguu ya nyuma niliisikia nyonga ya pili ikivunjika. Lakini nilimpenda, sitadanganya. Hakuna mtu mzima aliyewahi kufurahi namna ile kuniona nikitoka dukani na mkate.

Nilikuwa na siku kumi na moja. Mbili za kwanza nilizipoteza kwa kelele. Akiruka, nilipiga ukelele na kumsukuma kwa mikono miwili. Akiniuma vidole, nilivichomoa na kumfokea, naye akavirukia tena. Mikono yangu ikajaa mikwaruzo hadi mteja mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Mteja mwingine alikuja kujaribu gauni lake, akaondoka na mkono mmoja wa gauni uliopungua urefu. Usingizi wangu ukawa wa vipande vipande. Niliamka asubuhi nikafagia karakana, nikamaliza, nikafagia tena, nikapiga magoti kutafuta chini ya meza kama kuna hata uzi uliobaki.

Siku ya tatu nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Hakumtazama sana mbwa, alinitazama mimi. Akaniambia nitoke nje, niingie kama ninavyoingia kwangu. Nikatoka, nikaingia. Bobini akanirukia, nikapiga ukelele, nikamsukuma, nikavuta futi yangu juu asiinyakue. Daktari akacheka hadi akavua miwani.

Alinieleza kwamba kwa mbwa mdogo kusukumwa ni mieleka, na kelele zangu ni kumshangilia. Kisha akanyoosha kidole shingoni kwangu na kuuliza hiyo ni nini. Ilikuwa ile futi yangu, utepe wa kupimia nguo. Huivaa nikiamka na kuivua nikilala, kama mafundi wote ninaowajua, na ncha zake mbili hucheza kifuani kila nikisogea. Kila Bobini aliporuka niliivuta, na kila nilipoivuta mchezo ulinoga. Nyani haoni kundule. Siku zote zile nilikuwa nimejivisha mchezo wake shingoni, halafu namlaumu kwa kuutaka.

Masharti ya daktari yalikuwa machache. Akiruka, mgeuzie mgongo, kunja mikono, nyamaza kabisa. Miguu yote minne ikikanyaga sakafu, hapo ndipo umsalimie. Akikutia meno, ondoa mkono wako na umpe kitu cha kubeba, kwa sababu kwa ritriva mdomo ndio mkono. Na kila anayeingia mlangoni afanye vivyo hivyo, pasiwe na mmoja anayekataza na mwingine anayebembeleza.

Nikaivua futi, nikaitia mfukoni mwa aproni. Mkono wangu uliendelea kuitafuta shingoni kutwa nzima. Nikashona kimto kutokana na mabaki ya jinzi, nikakishindilia vitambaa, kikawa kigumu cha kutosha kwa meno yale. Tukaanza kazi. Natoka mlangoni, naingia. Anaruka, nageuka ukutani. Anatua, nageuka kumsalimia, anaruka tena, nageuka tena. Mara ishirini kabla ya chai. Majirani waliniona nikitoka nyumbani kwangu na kurudi, kutoka na kurudi, wakaanza kunisalimia kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa.

Jumatano kaka alikuja, nikamwamuru akunje mikono na kutazama dari. Alitii huku akinung'unika, na Bobini akakaa chini. Alhamisi akakaa mara zote. Ijumaa akaja msoma mita, mtu mcheshi, akamwita kwa mluzi na kumfungulia mikono, na kazi ya wiki nzima ikaishia kwenye shati lake. Nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikalia kwa hasira. Bobini akaniletea kimto, akakiweka kwenye mguu wangu.

Jumamosi nilifagia mara nne. Gari liliposimama nje, nilisimama karibu na meza ya kukatia, mikono nimeikunja. Kaka akaingia wa kwanza, funguo za gari mkononi, akaushikilia mlango. Mama akaingia taratibu, gongo, mguu, gongo, mguu. Na shingoni kwake kulikuwa na futi.

Ile ya manjano, ya miaka yote. Alikwenda nayo hospitali siku ile ile alipoanguka. Kumbe nilikuwa nikiiona kila siku juu ya shuka bila kuiona. Ncha zake zilicheza kifuani kila alipopiga hatua.

Bobini aliiona. Masikio yakamsimama, akaondoka alipokuwa, kimto mdomoni. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele, na nilijua kelele yangu ndiyo ingemrusha. Nikageuka, nikautazama ukuta. Nilisikia kucha zake sakafuni, haraka, halafu polepole, halafu hazikusikika tena. Nikachungulia kwa pembe ya jicho. Miguu ya mbele iliinuka kidogo, ikatua. Mwili wote ulikuwa ukimtetemeka. Akakaa. Akakiweka kimto juu ya kiatu cha mama.

"Huyu ana adabu," mama akasema. Mimi nilikuwa bado nimeukabili ukuta. "Na wewe je, mwanangu? Mbwa kanisalimia. Wewe wiki ya tano hii unanigeuzia mgongo."

"Naogopa, mama. Kile kitambaa nilikiona. Nilikiona nikakiacha."

"Niliteleza. Hukunisukuma. Njoo hapa."

Sijui niliivukaje sebule ile. Nilijikuta nimemning'inia mama shingoni, nalia kwa sauti, magongo yameanguka, kaka ametudaka wote wawili kwa kifua chake na funguo zimemtoka. Bobini alinyakua gongo moja na kuanza kulizungusha karakana nzima, akigonga miguu ya meza.

"Nilisema atakayemrukia mama anaondoka," kaka akaniambia, akihema.

Mama alinishika kisogo kwa mkono wake wa fundi, mgumu kwenye ncha za vidole.

"Mwache," akasema. "Huyu naye anafundishika."