Jina Chini ya Hadithi

Hasira ya kuibiwa kuku hupoa, kwa kuwa kuku huliwa mara moja. Hasira ya kuibiwa hadithi haipoi, maana kila anayeisoma hadithi huiwasha hasira upya. Sitara binti Sadalla aliijua hasira hiyo tangu likizo ya Desemba, alipofungua gazeti la wiki akakuta hadithi yake neno kwa neno, na chini yake: "Imetungwa na Bushiri Nassibu."

Ilikuwa hadithi ya fundi cherehani wa Gerezani aliyekusanya vifungo vya nguo za marehemu, kila kifungo na kisa chake. Sitara alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mwenye cheti cha chuo, na wakati wa kuandika aliupata likizoni tu. Likizo iliyotangulia, wenzake walipokwenda Bagamoyo kutembea, yeye alijifungia chumbani Mtaa wa Sikukuu siku kumi na nane. Bushiri, mhariri wa gazeti aliyempelekea hadithi hiyo, alichoandika ni maneno mawili: jina lake.

"Binti yangu," Bushiri alimwambia alipomfuata kwenye kiwanda cha chapa, Mchafukoge, "nani atasoma hadithi ya mwanamke? Nimekufunika kwa jina langu, kama mwavuli. Lete nyingine."

Harilal, mwenye mtambo, aliinua macho kutoka kwenye herufi zake za risasi, kisha akayashusha.

"Nitaleta," Sitara akasema.

Likizo ya Aprili iliangukia Ramadhani. Aliandika amefunga, na kila mstari ulimlenga mtu mmoja. Ilikuwa hadithi ya harusi, nzuri kweli, kwani hakukubali kulipa kisasi kwa kazi mbovu. Ila katikati aliweka yale anayoambiwa mwari nyuma ya pazia siku ya saba, yale ambayo wanawake wa Kariakoo huyajua na mwanamume hajapata kuyasikia. Hapa hayatarudiwa, anayeyajua anayajua. Bushiri aliyasoma akayaona urembo wa hadithi tu. Akayachapa wiki ya Idi, watu wakiwa na nafasi, na chini akatia jina lake kwa herufi nene.

Idi pili, Bi Sabaha alibisha hodi kwa Sitara. Huyu ndiye somo yake, aliyemfunda alipovunja ungo.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Gazetini kuna hadithi ya harusi, na wenzangu wote wako barazani. Njoo utusomee, msomi wetu ni wewe."

Akasoma. Ukurasa wa kwanza walicheka. Wa pili, jirani yao Zena aliacha kumenya chungwa.

"Rudi hapo juu," Bi Sabaha akasema.

Sitara akarudi, polepole, kama anayesoma imla.

"Ametunga nani?"

"Bushiri Nassibu."

"Mwanamume?"

"Tena mwenye ndevu!" Zena akaruka. "Nilisema mwaka jana ule ua wa makuti tunakofundia wari una tundu, mkanicheka! Haya, chekeni sasa!"

Kesho yake wanawake kama ishirini walivuka Mnazi Mmoja na kanga zao mpya za Idi, Sitara akiwa katikati yao. Bushiri walimkuta mlangoni mwa kiwanda.

"Bwana Bushiri," Bi Sabaha akaanza, "haya umeyapata wapi?"

"Ni utunzi tu, bibi. Mtunzi huwaza."

"Ukauwaza na wimbo wetu, beti kwa beti?"

"Tundu!" Zena akapaza sauti. "Mwulizeni habari za tundu!"

Wapita njia walianza kusimama. Muuza kahawa akatua birika lake. Bushiri, baba wa mabinti wawili wa kuoza, mtu wa safu ya mbele msikitini, alimgeukia Harilal aliyekuwa ndani kwenye mtambo.

"Mimi nachapa tu," Harilal akasema.

Mchunguliaji au mwizi: hakuachiwa njia ya tatu.

"Si mimi!" akapiga kelele. "Wallahi sikuandika mimi! Ni huyo mwalimu. Hata ile ya vifungo ni yake!"

Sitara alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi minne.

"Rudia, Bwana Bushiri. Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, jasho likimtiririka. Muuza kahawa alicheka mpaka akajishika kiuno. Sitara aliuonja utamu ule wote, taratibu, hadi alipoona kwamba Bi Sabaha hamtazami Bushiri tena.

"Ni wewe?"

"Aliniibia, somo."

"Alikuibia chako. Na haya uliyompa, yalikuwa yako peke yako?"

Sitara, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu mjini, aliivuta kanga yake mpaka usoni.

"Siku saba nilikaa nawe chumbani," Bi Sabaha akasema kwa sauti ya chini. "Jina umelipata. Kaa nalo. Shikamoo yako usiniletee."

Wakaondoka wote. Hata Zena hakugeuka. Bushiri naye alikwisha kuchomoka kwa mlango wa nyuma.

"Mwalimu," Harilal akauliza, "ipo nyingine?"

"Ipo. Lakini jina langu utalipanga kwanza, mbele ya macho yangu."

Harilal akavuta sanduku la herufi. Sitara alisimama pale akizitazama herufi moja baada ya nyingine, hakuharakisha, maana kwenye njia ya kurudi Kariakoo zile kanga mpya zilikuwa bado zinaonekana, na hakutaka kuwafikia wenyewe.