Upande wa Kushoto wa Kitovu

Mimi ni fundi wa nguo, na nusu inchi hainipiti. Ndiyo maana Baba alipopasuliwa jicho, akawa haoni tena alama ndogo za sindano ya insulini, nilisema kazi hiyo niachiwe mimi. Nilijiamini mno. Hata leo nikikumbuka nilivyojiamini, natamani kujizaba kofi.

Kwa miaka kumi na moja Baba alijidunga mwenyewe, asubuhi na jioni, nyumbani kwetu mtaani Section 58 au nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri. Alikuwa hapotezi muda. Alipandisha shati kidogo, akadunga upande wa kushoto wa kitovu, akashusha shati, akaendelea na mteja. Ni mahali hapohapo kila siku, maana alidai pamezoea.

Asubuhi ile nilivuta yuniti arobaini na nne, kama kadi ya kliniki ilivyosema, kisha nikampandishia shati. Wallahi nilishtuka. Upande ule ulikuwa na uvimbe mkubwa kama andazi, mgumu, ngozi yake inang'aa.

"Baba, hapa sidungi. Nakudunga upande huu mwingine."

"Usinihamishe, mama," alisema. "Hapo pangu ni sawa. Hata sisikii uchungu."

"Umejiharibu mwili hivi na bado unabishana? Tulia!"

Nikamdunga upande wa kulia, kwenye ngozi laini. Alijikunja kidogo. Alikunywa chai na chapati moja na nusu, nami nikaketi kwenye cherehani yangu, nimeridhika na nafsi yangu.

Saa nne aliniita. Aliniita Malak. Malak ni mama yangu, na tulimzika mwaka juzi.

Nilidhani ananitania. Nilipogeuka nilimwona amelowa jasho, mikono inatetemeka, jicho lisilofungwa bandeji linanitazama bila kunijua. Kisha akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Jirani yetu Jepkemei alikuja mbio, unga ungali mikononi. Mama yake ana kisukari, hivyo hakuhitaji kuuliza mengi.

"Wueh! Hiyo ni sukari imeshuka! Mlalishe kwa ubavu. Usimpe maji, itaingia kwa mapafu! Leta asali!"

Nilileta chupa, akampaka asali kidogo ndani ya shavu, huku akipiga simu kutafuta gari. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa Baba tu, kana kwamba nikiuachia ataondoka.

Hospitalini, sukari yake ilisoma moja nukta sita, wakati haifai kushuka chini ya nne. Walimtundikia dripu ya glukosi, na baada ya dakika chache alifumbua jicho akauliza mbona ninalia kama mtoto.

"Nani amemdunga leo?" daktari aliuliza. Jina lake lilikuwa Kosgei.

"Ni mimi. Yuniti arobaini na nne. Sikuzidisha hata moja, daktari, naapa."

"Ulimdunga wapi?"

Nilimwonyesha. Aliuminya ule uvimbe wa kushoto kwa vidole viwili.

"Dawa ilikuwa inakwama hapa," alisema. "Ukidunga mahali pamoja miaka yote, nyama inakuwa ngumu, na insulini haiingii kwa damu vizuri. Sasa kila akikuja kliniki sukari iko juu, anaongezwa dawa. Alianza na ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi leo umempea zote arobaini na nne kwa ngozi safi. Na zote zimeingia."

Miaka kumi na moja wanamtoboa kidole, wanaandika kwenye kadi, wanaongeza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia apandishe shati. Hata mimi, ninayemshonea mashati hayo.

Walimpunguzia hadi yuniti ishirini, wakatuagiza tubadilishe mahali kila siku na tupime sukari mara kwa mara. Aliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yake na sindano. Nilishindwa kuchagua mahali.

"Baba, siku ile ungekataa kabisa," nilisema. "Mbona hukukataa?"

Alipapasa tumbo lake mpaka vidole vikaupata ule uvimbe, akavituliza hapo.

"Nilikataa," alisema. "Ukaniambia nitulie."