Breki na Neno la Kushika

Kwa jina lake Yeye aliyeujenga mfupa kisha akauvika nyama, akamkopesha mja nguvu na akaijua siku ya kuidai, tunaanza. Shukrani zote zamrejea Yeye, na rehema zimshukie Mtume wake na aali zake.

Ama baada ya hayo, watu wa kisa hiki ni wanne. Wa kwanza ni dereva wa lori la saruji, aliyestaafu mwaka huohuo, ambaye bohari zima lilimwita Breki kwa kuwa katika umri wake wa kazi hakupata kugonga hata kuku. Wa pili ni mkewe, fundi cherehani, aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto, akabakiwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi na ulimi usiojua kunyamaza. Wa tatu ni binti yao, mwalimu, akaaye mji mwingine na mumewe. Wa nne ni tabibu wa viungo, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na maneno machache.

Kila asubuhi mke alihitaji kuinuliwa kitandani na kuketishwa kwenye kiti cha magurudumu. Jirani aliyekuwa akisaidia alikuwa karibu kuhama. Binti akasema bila kuzunguka: "Baba, likizo ya shule nakuja. Ukiweza kumwinua mama peke yako, salama, abaki. Ukishindwa, namchukua." Breki akaenda kumwita tabibu wa viungo. Kwake nyumba ilikuwa ni pale aliposikia sauti ya mkewe. Kwingine kote ni kuegesha tu.

Tabibu alipofika mara ya kwanza, alilakiwa na kitambi kilichomtangulia mwenyewe mlangoni.

"Mzee wangu, miguu imezoea kukaa," akasema. "Utachuchumaa na kuinuka na dumu la maji, na utanyanyua mfuko wa mchanga. Na chakulani, tupunguze wanga."

"Wanga wa mtaa huu nawajua wote," mke akadakia kutoka kitandani. "Tuanze na yupi?"

Tabibu akacheka. "Mkate na wali, mama. Lakini mayai, maharage na samaki, hivyo mzee avishike. Avishike sana."

Hapo ndipo neno lilipoteleza. Kwa tabibu, kushika ni kudumu na jambo, kama mtu ashikavyo sala zake. Kwa mtu aliyemaliza umri nyuma ya usukani, akirudisha lori kinyumenyume huku utingo akipaza sauti "Shika, shika", neno hilo lina maana moja: kanyaga breki, simama. Breki akatii kama alivyozoea kutii. Mkate na wali akavipunguza mpaka vikaisha. Mayai, maharage na samaki akavisimamisha kabisa. Akabaki na mboga za majani na chai kavu. Njaa ilipomuuma aliihesabu kuwa ni ibada, akaificha kama mcha Mungu afichavyo sadaka.

Yai lake alimlisha mkewe.

"Na wewe, baba watoto?"

"Nimeshika."

"Basi shika hivyohivyo."

Tabibu naye alipouliza habari za mlo, alijibiwa vilevile, akaenda zake ameridhika. Kitambi kikatoweka, wakamsifu. "Suruali hiyo umeazima kwa nani?" mke alimtania. Lakini dumu, lililokuwa likipanda vyema wiki za mwanzo, likaanza kumlemea. Breki aliliona hilo. Akadhani ni uvivu wa nafsi, akaiadhibu kwa kuipunguzia hata mboga. Alipoinuka kutoka kwenye sijda ukuta ulimzunguka, akaushika kwa kiganja mpaka utulie, asimwambie mtu.

Ijumaa ya miadi, baada ya sala, binti aliyekuja likizo alikuwa amesimama karibu na kabati na tabibu amekishika kiti. Breki akatanua miguu, akapinda magoti, akamzungushia mkewe mikono kiunoni. Mkono mzima wa mke ukamkumbatia shingo.

"Taratibu, dereva," akamnong'oneza. "Mzigo huu una umri."

Akainuka. Nusu ya njia, mapaja yakaanza kutetemeka na macho yakaingia giza. Alichoweza ni kujigeuza tu, ili aanguke yeye chini na mkewe juu yake. Wakaenda sakafuni pamoja.

Walipokwisha kuinuliwa, na ikaonekana hakuna aliyevunjika, binti akauliza kwa sauti ndogo: "Baba, leo umekula nini?"

"Nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Mlo. Mayai, maharage, samaki. Sijavigusa tangu niambiwe nivishike."

Tabibu akafumba macho. "Mzee wangu, nilisema uvishike. Uvile kila siku, usiviache."

"Kwetu sisi, ukiambiwa shika, unasimama."

Mke alitaka kucheka. Upande mmoja wa uso ukacheka, mwingine ukabaki ulivyo, na machozi yakapita pande zote mbili.

"Kumbe yai nililokuwa nikila ni miguu yako," akasema. Kisha akamgeukia binti. "Nifungie nguo. Nakwenda."

"Mke wangu."

"Nakwenda, Breki. Nikikaa utanilisha tena. Kula. Ukishiba, njoo unichukue, na uniinue mbele ya mkwe wako aone."

Gari likaondoka na kiti kimekunjwa nyuma. Breki akarudi jikoni, akachemsha yai, akalimenya. Tonge la kwanza akalisukuma kwa maji. Hakujua kama miguu hurudi kwa mtu wa umri wake, wala kama mkewe angengoja. Akamaliza yai, akaosha sahani, akaenda ukutani lilipokuwa dumu. Akamwaga maji nusu, kisha akachuchumaa.

Ewe Mwenye nguvu zisizochakaa, waliobaki peke yao kwenye nyumba zao wape riziki na ufahamu wa maneno waambiwayo. Mikono iliyoachana uikutanishe ingali na uwezo wa kubebana. Amina.