Redio Kichwani kwa Nice

Nkasiogi alikuwa na hasira ya siku tisa, na hasira ya siku tisa haipoi kwa chai.

Ilianza Alhamisi ile mkwewe Sia alipotoka kazini kwenye shamba la maua huko Usa River, akaingia na kiboksi, akamwita binti yake Nice, mtoto wa miaka mitano, akamvisha hedifoni za rangi ya waridi zilizomfunika masikio yote mawili na nusu ya mashavu. Mwisho wa waya kilining'inia kiredio cha nyimbo, kidogo kama kiberiti. Nice akakaa kwenye kigoda, macho yakaenda mbali. Tangu siku hiyo ukimwita mara moja humpati, mara tatu humpati, mpaka umguse bega ashtuke kama aliyemwagiwa maji.

Na nyumba ile ya Moshono haikuwa nyumba ya kimya. Lesian, mtoto wa Nkasiogi na mume wa Sia, ni dereva wa watalii; wiki nzima yuko porini. Sia huondoka na basi la wafanyakazi jua halijachomoza. Anayebaki ni Nkasiogi, na Nkasiogi akibaki hubaki na watu. Anayekwenda dukani ataingia, anayetoka kliniki ataingia, anayetafuta kuku wake ataingia, na kuku atasahauliwa. Hakuna habari ya Moshono iliyomfikia mwenyewe kabla haijapita sebuleni pale, ikanyooshwa, ikatiwa chumvi.

Sia naye alikuwa na lake. Kabla ya hedifoni, Nice alisimama kwenye shule ya Jumapili, mbele ya watoto wote, akamuuliza mwalimu Lilian kama ni kweli mchumba wake amekimbilia Babati. Mwalimu Lilian alilia hadi akashindwa kufundisha. Sia aliitwa pembeni na wazee wa kanisa, akarudi nyumbani ameibana midomo, akasema neno moja tu: "Mama, masikio ya mtoto si jalala."

Neno hilo Nkasiogi alikuwa hajalimeza. Yeye, aliyelea watoto sita katika nyumba yenye mlango wazi, leo aambiwe anamwaga taka.

Lakini Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo kubwa kuliko hasira. Kaka yake Yiamat alikuwa anakuja.

Yiamat ndiye aliyemlea Nkasiogi baba yao alipofariki. Miaka sita iliyopita, kwenye harusi ya Lesian, aliondoka nyama haijagawiwa, kwa sababu kijana ameacha mabinti wote wa kabila lao, akaoa Mchaga. Tangu hapo hakukanyaga Moshono. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ameletwa mjini kupimwa, na akatuma ujumbe: "Nikitoka kwa daktari nitapita nimshike huyo mtoto kichwa."

Kwao mtoto hasalimii kwa mdomo kwanza. Huja, huinamisha kichwa, mzee akaweka kiganja utosini. Kichwa alichokigusa ni cha mtoto wake. Ambacho hajakigusa, hakijui. Nkasiogi alikisubiri kiganja hicho miaka sita.

"Leo hilo dude asivae," alimwambia Sia asubuhi.

"Sawa, mama." Sia akamvua Nice hedifoni kwa mkono wake, akaziweka juu ya friji. Kisha akatoka kwenda kununua soda za mgeni.

Ndipo alipoingia Skolastika, jirani, mama Ludovick, ambaye habari humwasha kama upupu. Alimkuta Nkasiogi akikoroga loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kana kwamba sufuria imemkosea.

"Shoga, hata mlangoni nasikia mwiko unagombana. Kulikoni?"

"Mtoto wa miaka mitano anazibwa masikio. Wewe umewahi kuona? Anayezibwa masikio ni maiti."

"Tena wanasema kelele zile zinatoboa ngoma ya sikio. Ludo wangu aliniomba, nikamwambia ukitaka muziki nenda kwaya." Skolastika akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sasa achana na hayo. Elirehema wa matofali unamjua?"

"Yule mzee wa kanisa?"

"Huyohuyo. Amepatikana mtaa wa Sokon One."

Nkasiogi aliacha mwiko. "Kwa nani?"

Skolastika alinyoosha kidevu kuelekea kigodani. Nice alikuwa amekaa pale, ametulia, masikio yake madogo yako wazi kama milango ya duka asubuhi.

Nkasiogi alimtazama mtoto. Akamtazama Skolastika. Habari ilikuwa ya moto, na Yiamat hajafika. Akanyoosha mkono juu ya friji.

"Njoo, mama. Sikiliza nyimbo zako kidogo, koko anaongea na mgeni."

"Mama alisema nisivae leo, koko," Nice alimwambia bibi yake.

"Kidogo tu."

Akamvisha mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Habari ikamwagika: mke wa pili, nyumba ya vyumba vitatu, mapacha. Skolastika alikuwa bado kwenye mapacha, akionyesha kwa vidole wanavyofanana pua na Elirehema, mlango ulipofunguliwa. Sia aliingia na soda mkono mmoja. Mkono wa pili amemshika Yiamat, aliyemkuta anashuka kwenye bajaji pale getini.

"Mama, mjomba huyu hapa."

Watu wakasimama. Mzee alikuwa mrefu kama zamani, fimbo mbele, macho meupe yakitafuta mwanga wa dirisha. Nkasiogi alimsalimu, machozi yakamjaa, na katika kujaa huko akasahau. Alimsukuma Nice mgongoni, na Nice, mtoto aliyefundwa, akafanya kila kitu sawasawa. Akaenda mbele ya babu. Akainamisha kichwa.

Kiganja cha Yiamat kikashuka, kikatua juu ya plastiki.

Vidole vyake vikapapasa. Vikafuata utepe mpaka kwenye sikio la kulia, vikabonyeza sponji. "Takwenya," alimsalimu kwa lugha ya kwao, akangoja aitikiwe. Mtoto kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Mtoto kimya, ameinama, na kwa jinsi chumba kilivyonyamaza kila mtu alisikia wimbo mdogo ukivuma ndani ya yale madude kama nyuki kwenye chupa.

Yiamat akaondoa mkono. "Nilikuja kumsalimu mtoto," alisema polepole. "Nimesalimia redio."

Akageuka, fimbo ikitafuta mlango.

Hapo Nkasiogi alilipuka. Angeweza kusema neno moja la kweli na likatosha, lakini aibu ikipanda haraka hutafuta mtu mwingine wa kuibeba. "Umeona, Sia? Umeona ulichonifanyia? Miaka sita nasubiri, na wewe na vitu vyako vya dukani. Nilikwambia asivae. Mtoto si wa kufungiwa waya kichwani kama nguzo ya umeme. Mwenyewe hukai, unamwachia redio imlee, halafu leo kaka yangu anatoka nyumbani kwangu bila kukaa."

Sia aliweka soda mezani, moja moja.

"Mama, asubuhi nilizivua. Niliziweka juu ya friji."

"Basi amezichukua."

"Nice hafiki juu ya friji. Hata akipanda kigoda hafiki."

Skolastika alianza kutafuta khanga yake, ingawa ilikuwa kiunoni. Yiamat alikuwa amesimama mlangoni, uso kwa nje, lakini hakutoka.

Sia akapiga goti, akamvua mtoto hedifoni. "Nice. Nani alikuvalisha?"

"Koko." Mtoto alimtazama bibi yake bila ubaya wowote. "Alisema kidogo tu, mama Ludo alipotaka kusema mambo ya mzee wa kanisa."

Skolastika akaipata khanga yake, akaifunga upya.

"Na walisema nini?" aliuliza Yiamat, bado amewapa mgongo.

"Sijui, babu. Nilikuwa nasikiliza wimbo wa tembo."

Mzee akageuka. Alikuja kwa fimbo hadi alipofika usawa wa dada yake, akasimama karibu sana, kama wafanyavyo wasioona vizuri.

"Nkasiogi. Mkweo amekosea. Mtoto hafungwi masikio, atajuaje anapoitwa. Lakini alifunga alichoweza, kwa sababu wewe hukufunga cha kwako. Kama kuna kitu cha kuzibwa kwenye nyumba hii, si masikio. Ni mdomo. Na si wa mtoto."

Skolastika aliguna, akajifanya anakohoa. Nkasiogi alihisi uso unawaka. Akashika mwiko, akakoroga loshoro isiyohitaji kukorogwa.

"Mlete mtoto," alisema Yiamat.

Nice akaja, akainama tena. Safari hii kiganja kilikuta nywele, kikakaa.

"Takwenya."

"Iko," aliitika mtoto, sauti nyembamba, wazi.

Mzee alikaa, akala loshoro bakuli mbili, na soda akanywa ile aliyopewa na Sia. Alipoondoka alimwita Sia "mwanangu" mbele ya wote. Nkasiogi alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma kama kiatu kipya, kwa sababu si yeye aliyeileta. Wala hakumwomba Sia radhi. Wala Sia hakuzirudisha hedifoni dukani. Alizitundika kwenye msumari, ukutani, mahali ambapo kila anayekaa sebuleni lazima azione.

Jumatano Skolastika alikuja tena, anahema, ana jipya kuhusu mapacha. Nkasiogi akatazama kigodani, Nice yuko pale, masikio wazi. Akatazama msumari. Akasonya.

"Twende nje," alisema.

Wakasimama getini, juani, vumbi la bodaboda likiwapitia. Skolastika akasimulia yote. Nkasiogi alisikiliza mikono kifuani, amenuna, kwa sababu umbea wa kusimama hauna utamu, na alijua hakuna aliyemlazimisha kutoka nje.