Nafasi ya Tarehe

Mhandisi Raafat alitia saini akiwa amesimama, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti na mwingine ndio unaoandika. Akaisukuma karatasi juu ya meza mpaka ikamfikia Wagih Abdishafi, ambaye hakuwa ameambiwa akae wala hakutegemea kuambiwa.

"Haya, Ustadhi Wagih. Umetushinda. Miaka saba umetuburuza mahakamani, leo umepata chako. Hongera."

Wagih alivaa miwani. Aliisoma karatasi kama alivyozoea kusoma karatasi zote, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mtu mwenye hila huanza kuchoka anapofika mwisho. Saini ilikuwepo. Namba ya hukumu ilikuwepo. Jina lake lilikuwepo, majina yote manne. "Anarejeshwa katika cheo chake cha mtunza muhuri kuanzia tarehe", na baada ya hapo nukta nukta, mstari mzima, bila kitu.

"Bwana mhandisi, tarehe haipo."

"Najua haipo. Watu wa sheria hawajaniambia. Kuna siku uliyoshushwa, kuna siku ya hukumu, na kuna leo. Nikiandika hii watasema kwa nini si ile. Jaza mwenyewe unayoipenda, mimi sijaona kitu."

"Mwandiko utakuwa tofauti."

"Wallahi wewe mtu." Raafat alicheka bila ubaya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu wa kubeba lawama. "Binti yangu anaolewa kesho Iskandaria, gari linaunguruma hapo chini. Na wewe Jumapili unatimiza sitini, sivyo? Kesho na keshokutwa ofisi zimefungwa, basi leo ndiyo siku yako ya mwisho. Nenda kagongewe muhuri, upumzike na utupumzishe."

Akatoka, harufu ya marashi ikabaki nyuma yake.

Kwa miaka ishirini na miwili Wagih ndiye aliyekuwa akitunza muhuri wa tai katika idara ile ya majengo. Karatasi ya serikali isiyo na tai yule wa buluu ni ya kufungia bajia za taamiya tu, na kila mtu mjini alilijua hilo. Muhuri ulikaa kwenye kopo la bati, kopo likakaa ndani ya sefu, ufunguo ukakaa shingoni kwake hata alipokwenda kuoga. Asubuhi moja mkuu wa wakati ule, aliyemtangulia Raafat, alimletea kibali cha kujenga kilichokwisha kusainiwa, mahali pa jina la mjenzi na idadi ya ghorofa pakiwa patupu. Wagih akasema kikijazwa atakigonga. Mwezi haukuisha, akaandikiwa kwamba anachelewesha kazi za umma, akashushwa daraja mbili na kupelekwa kule chini kwenye ghala la mafaili.

Kesi yake iliahirishwa kwa sababu faili halijafika, ikaahirishwa kwa sababu faili limefika bila viambatisho, ikaahirishwa kwa sababu wakili wa upande wa pili ana mafua. Kuahirishwa alikuzoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Alichotaka kilikuwa kidogo: jina lake liingie katika daftari la wastaafu na cheo kile alichovuliwa, lisiandikwe "karani wa mafaili". Kuanzia Jumapili angekuwa mstaafu, na mstaafu harejeshwi popote mpaka afungue kesi nyingine. Kesi nyingine hakuwa nayo tena mwilini.

Akaenda dirishani kwa Ibtisam. Ni yeye aliyemfundisha kazi huyu binti, na siku binti alipopewa muhuri mahali pa Wagih alikataa kukalia kiti cha mwalimu wake. Alikuja na cha kwake kutoka nyumbani. Sasa aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma kutoka chini kwenda juu. Alipofika katikati kidole chake kikasimama.

"Ustadhi, hapa pana nafasi."

"Naiona."

"Mhandisi hakujaza?"

"Kasema nijaze mwenyewe. Kashaondoka. Wewe gonga tu, binti yangu, mimi nitaandika nyumbani kwa utulivu."

Aliisikia sauti yake mwenyewe, akaona haya. Ilikuwa sauti ya wote waliowahi kusimama mbele ya dirisha lile, tamu, iliyochoka, iliyoinama kidogo.

"Siku yangu ya kwanza," alisema Ibtisam polepole, "ulinipa karatasi ishirini, ukaniambia nitafute yenye nafasi. Ukasema nikiigonga hiyo, nimemgongea mtu nisiyemjua."

"Safari hii unamjua. Ni mimi."

"Wewe nakujua. Tarehe siijui."

"Jamani, mzee," alisema mtu wa kanzu aliyekuwa nyuma ya Wagih kwenye foleni, "tumalizie. Wengine tumetoka mashambani alfajiri."

Ibtisam alifungua sefu, akatoa kopo, akaliweka mbele ya Wagih pamoja na pedi ya wino.

"Mahakama imesema muhuri ni wako. Kukukatalia siwezi, na kugonga siwezi. Gonga wewe. Mimi naenda kutengeneza chai."

Akamgeuzia mgongo, akashughulika na birika ambalo lilikuwa bado halijajazwa maji.

Wagih alifungua kopo. Tai alikuwa bado na pengo kwenye bawa la kushoto, tangu alipomwangusha sakafuni mwaka wa tetemeko. Alimbonyeza kwenye pedi, akampulizia pumzi, na kidole gumba kikaenda mahali pake bila kuambiwa. Akamshikilia juu ya zile nukta nukta. Alitaka kugonga mara ile moja tu, kwa njaa iliyomtisha. Nani angejua? Hilo ndilo lililomchosha kuliko miaka yote saba, kwamba hakuna ambaye angejua. Hata mkuu mwenyewe alikwisha kusema hajaona kitu.

Mtu wa kanzu akakohoa.

Wagih akatoa leso mfukoni. Akamfuta tai taratibu, unyoya kwa unyoya, akitoa wino mpya na ule wa zamani ulioganda kwenye mikunjo. Akamrudisha koponi, akafunika.

"Unamwacha na wino mkavu," alimwambia Ibtisam. "Siku moja utagonga kuku."

Ibtisam aligeuka, akaiona karatasi haina buluu popote. Aliweka chai mbele yake, sukari vijiko vitatu kama zamani, akaichukua karatasi na kuitia kwenye trei ya zisizokamilika.

"Jumapili nitamsubiri mhandisi mlangoni," akasema.

"Jumapili mimi sipo, binti yangu." Akasogea kumpisha mtu wa kanzu.

Alinunua mikate, akarudi nyumbani kwa miguu. Mlangoni alikutana na harufu ya sungura na mulukhiya, ule mchuzi wa mlenda. Tahiya, mkewe, alikuwa amepika tangu asubuhi, na kitunguu saumu kilisikika mpaka ngazini. Alipompokea mikate akakiona kidole gumba kilichopakaa wino wa buluu.

Buluu ile waligombana juu yake miaka mingi. Ilikuwa kwenye foronya, kwenye taulo, kwenye mkate. Halafu kwa miaka saba Tahiya alifua vumbi la mafaili tu. Tahiya aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza kuelekea mwanga.

"Wamekurudishia," alisema kwa sauti ndogo, machozi yakimtoka. "Alhamdulillahi, Baba Hisham. Futia hata lile taulo jeupe. Leo sigombi."

Wagih alifungua mdomo. Tahiya alikuwa ameshaingia jikoni.

Akaenda kwenye beseni, akafungua bomba. Aliosha mkono wa kushoto, akausugua vizuri kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Wa kulia aliuweka mbali na maji. Jikoni dirisha la uani lilifunguliwa, akamsikia mkewe akimwita jirani wa juu kwa jina ampe habari.